Homurani Aliyoirudisha Baba

Kuna mlio mkavu unaotokea rungu la mbao linapoukuta mpira wa besiboli penye kitovu chake, kama kuni iliyokauka ikipasuliwa kwa pigo moja la shoka. Baada yake huja ukimya mfupi, watu wakiinua videvu juu. Kisha kelele. Niliusikia mlio huo wiki iliyopita nikiwa kantini ya ofisi yetu kule Plano, Texas, mkono mmoja ukiwa na uma na mwingine ukiwa na simu, na saladi yangu ikaacha kuwa na ladha hapo hapo.

Televisheni ya ukutani ilikuwa ikionyesha kipindi cha homurani za kukumbukwa katika historia. Kama hukulelewa na mchezo huu, nikuambie tu kwamba ni pale mchezaji anapoupiga mpira ukavuka ukuta wa uwanja na kuangukia watazamaji, naye akazunguka taratibu kama mwenye shamba, hakuna wa kumzuia. Jina hilo ni la nyumbani kwetu, ni "home run" kwa namna Baba alivyolitamka, na sijaona sababu ya kulinyoosha. Kipindi kiliwaonyesha wote: yule aliyezunguka akichechemea kwa miguu mibovu, yule aliyeupungia mpira mkono hewani akiusihi usitoke nje ya mstari, ile iliyounyamazisha uwanja mzima wa Houston kama redio iliyozimwa, na ile iliyowaliza watu wa Dallas, ambayo hata leo hatuitaji ofisini mbele ya bosi.

Nilikaa mpaka mwisho nikiingoja ya kwetu. Haikuonyeshwa. Mpigaji wake hakuwahi kuwa mtu maarufu, na aliyeudaka mpira alikuwa baba yangu.

Lazima nianze na vita vya nyumbani, maana bila hivyo hutaelewa kwa nini watu wanne wasiopendana walikwenda kukaa pamoja kwenye jua la Texas.

Mama ni Mkamba wa Machakos, Baba Mtaita wa Wundanyi. Kila mmoja alikuwa na lugha yake ya kusalia, lakini lugha ya kuoania na ya kugombania ilikuwa moja, Kiswahili. Ndiyo sababu mpaka leo nikikasirika hukasirika kwa Kiswahili fasaha, na ndiyo sababu naandika haya kwa lugha hii, ingawa digrii yangu ni ya fasihi ya Kiingereza na haijanisaidia hata kupata meza karibu na dirisha.

Tulikaa Garland, pembeni ya Dallas, ghorofa ya pili, kwenye nyumba ya kupanga yenye zulia la rangi ya uji. Mama alikuwa nesi, akirudi na harufu ya dawa za hospitali. Baba alifanya kazi kwenye ghala la milango, akirudi na harufu ya mbao na gundi. Mwaka ninaousema, harufu hizo mbili ndizo pekee zilizokuwa bado zinakutana. Wao wenyewe walikuwa wameacha kusemeshana.

"Wakesho," Mama angeniambia, "mwambie babako ugali uko mezani."

Baba angekuwa ameketi kwenye meza hiyo hiyo, mkono umeshafika kwenye ugali. "Mwambie mamako nimeuona. Mimi si kipofu."

"He says thank you," ningemwambia Mama, kwamba eti anashukuru. Ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya uhariri, na sijawahi kupata nyingine iliyohitaji kufuta maneno mengi kiasi hicho.

Chanzo cha vita kilikuwa Houston. Kaka yake Mama, Mjomba Kioko, alikuwa amemtafutia kazi kwenye hospitali ya huko, kazi yenye cheo. Tungekaa nyumbani kwake mpaka tupate mahali petu. Mama alitaka. Baba alikataa. Alikataa kwa sauti, akakataa kwa kimya, akakataa kwa kutengeneza bomba la jikoni ambalo halikuwa limeharibika. "Siwezi kuishi mji mmoja na mtu anayeniita shemeji kama anayemwita mhudumu wa hoteli," alisema. Mama akajibu kwamba basi abaki na milango yake, yeye na mtoto wanaenda.

Mtoto alikuwa mimi, na mtoto alitaka kwenda. Nisikudanganye. Mjomba alikuwa na nyumba yenye bwawa la kuogelea na chumba cha ziada kilichopakwa rangi ya zambarau. Juu ya yote, Mjomba alikuwa mcheshi. Alijua kuiga mwendo wa kila mtu: padri, jirani, afisa wa uhamiaji, Baba. Akikaa mezani watu walishika mbavu. Kwetu Garland, mtu akishika mbavu ilikuwa ni kichomi.

Basi siku ikapangwa. Mjomba angekuja Jumamosi, na Jumapili jioni tungeondoka naye. Hapo Baba akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Msimamizi wake ghalani alikuwa amempa tiketi nne za mechi ya Jumapili alasiri kule Arlington, timu ya nyumbani dhidi ya Houston.

"Mwambie mamako," alisema, "kama ni kuagana, tuagane kama watu."

Baba hakuijua besiboli. Alikuwa ameanza kuisikiliza kwenye redio ya ghalani, na alijitangaza shabiki wa Arlington kwa sababu moja tu, kwamba Mjomba alikuwa wa Houston. Aliniambia kwamba katika mchezo wote ule jambo la maana ni homurani. Mengine ni wanaume wazima kusimama kwenye jua wakitema mate.

Masanduku yetu yaliingizwa kwenye buti ya gari la Mjomba asubuhi, kabla ya kanisa. Mama aliyapanga mwenyewe. Baba alisimama kwenye ngazi na kikombe chake cha chai akitazama, hakusaidia na hakuzuia. Mjomba akafunga buti, akapiga kofi juu yake mara mbili kama mtu anayempa ng'ombe ruhusa ya kwenda.

Uwanja wa Arlington wa wakati ule haukuwa na paa. Viti vya plastiki vilikuunguza mapaja ukajuta kuvaa kaptura, na hewa ilinuka jibini ya manjano, pilipili ya siki, bia, na mafuta ya kuzuia jua ambayo sisi hatukuwa tumepaka kwa sababu Mama alisema ni ya Wazungu, kisha jioni tukaungua kama Wazungu. Tulikaa upande wa kushoto, nyuma ya ukuta, mahali ambapo homurani huangukia. Mjomba aliketi ndani akiwa na jezi na kofia ya Houston, akifuatiwa na Mama, halafu mimi, halafu Baba mwishoni kabisa kwenye njia. Ukipita ungedhani Baba alikuwa mgeni aliyekosa mahali pengine.

Nyuma yetu alikuwepo mtu mnene mwenye shingo iliyoiva kama nyanya, shabiki wa Arlington. Yeye na Mjomba walianza kutukanana hata kabla wimbo wa taifa haujaisha.

"Hiyo kofia," mtu yule alisema kwa Kiingereza, "walikulipa uivae?"

"Alinilipa mkeo," Mjomba akajibu bila kugeuka.

"Kioko! Kuna mtoto hapa," Mama akafoka.

"Mtoto ameshasikia mabaya zaidi Garland. Si ndiyo, Wakesho?"

Nikacheka. Baba akafungua karanga moja, akaitafuna muda mrefu kuliko karanga inavyohitaji.

"Na wewe shemeji," Mjomba akaendelea, "hiyo milango inaendeleaje? Bado hujapata mmoja wa kukutoa huko?"

"Mwambie mjomba wako milango ni mizima," Baba akaniambia. Ndipo nilipojua kwamba ofisi yangu ilikuwa imepanuka.

Mechi ilipofika katikati, mchezaji wa Houston alipiga homurani. Mpira ukatua safu mbili mbele yetu, mikononi mwa mama mmoja mwenye fulana ya Arlington. Mjomba akaruka juu akishangilia. Lakini watu wote waliotuzunguka wakamgeukia yule mama wakipiga kelele kwamba aurudishe, aurudishe, na mama yule akainuka, akautupa uwanjani kwa mkono wa kivivu. Akashangiliwa kama bibi harusi.

Uso wa Baba ukafunguka. Sikuwa nimeuona hivyo kwa miezi mingi.

"Hawa watu kumbe wana adabu," alisema.

Unahitaji kujua alikotoka. Shuleni kwao Wundanyi kulikuwa na mpira mmoja, wa shule nzima. Ukipigwa ukaingia kwenye mahindi ya mtu, aliyeuokota aliurudisha mbio. Aliyejaribu kukaa nao alichapwa na wanafunzi, akachapwa na mwalimu, na akifika nyumbani akachapwa kwa ajili ya jina la ukoo. Kwa Baba, mtu anayekwenda nyumbani na mpira wa mchezo alikuwa mwizi tu.

Akainama mbele, akatupita mimi na Mama kwa macho, na kwa mara ya kwanza siku ile akamsemesha Mjomba moja kwa moja. "Shemeji. Huku mpira ukiingia kwa watu, unarudishwa?"

Mjomba alikuwa amekaa Texas miaka mingi, na mechi alizihudhuria kama wengine wanavyohudhuria misa. Alijua kinachorudishwa ni mpira wa adui tu, kwa dharau. Homurani ya timu yako unakaa nayo. Unaiweka sebuleni, unawaonyesha wageni, watoto wanairithi.

Akatazama uwanjani. "Eeh, shemeji. Kila mara. Ukikaa nao askari wanakuja."

Mama akageuza kichwa akamtazama kaka yake. Nilidhani anataka karanga, nikampa.

Mechi ikaburuta miguu mpaka awamu ya mwisho, Arlington wakiwa nyuma. Akaingia kijana mmoja mpya, mwembamba, kofia ya kujikinga ikimcheza kichwani. Mtangazaji alisema hajawahi kupiga homurani tangu aingie ligi kubwa. Wachezaji wawili wa Arlington walikuwa wameshafika kwenye vituo vya mzunguko wakimngoja apige wapate kurudi walikoanzia na kufunga pointi. Mtu wa shingo ya nyanya alikuwa akisali kwa maneno ambayo hayasemwi kanisani.

Mlio ule. Ukimya ule.

Mpira ulipanda mpaka ukapotea kwenye jua, kisha ukaonekana tena ukiwa unakuja, na ukaendelea kuja, mpaka ikawa wazi kwamba hauendi kwingine. Baba alisimama. Akaweka viganja pamoja mbele ya kifua kama anayepokea mtoto wa kubatizwa, na mpira ukaingia humo kwa kishindo nilichokisikia kwenye meno yangu.

Sijui nikueleze vipi kelele zile. Arlington walikuwa wameshinda. Watu tusiowajua walimkumbatia Baba. Mtu wa shingo ya nyanya alimbusu utosini. Mtu mwingine akamwaga bia yake akawa anaicheka. Baba aliuangalia mpira, akapitisha kidole gumba juu ya mshono wake mwekundu.

Kisha akageuka kuelekea uwanjani, akarudisha mkono nyuma, mkono wa mtu aliyekua akiwarushia nyani mawe wasile mahindi, akautupa. Ulikuwa mtupo mzuri. Ulipita juu ya ukuta, juu ya nyasi, ukadunda mbali na kukimbia kuelekea katikati ya uwanja, ambako kijana yule alikuwa bado akimalizia mzunguko wake.

Baba akapangusa viganja. Watu walikuwa wamenyamaza, naye akauchukua ukimya ule kuwa heshima. Akainua mkono akawapungia, polepole, kama mgeni rasmi.

Zomeazomea ilianzia nyuma yetu, ikapanda mpaka ghorofa ya juu, ikateremka upande wa pili. Nimesikia watu wakizomewa baada ya hapo, wanasiasa na hata mimi mwenyewe kwenye mkutano wa waandishi, lakini hiyo ilikuwa na uzito, ilikukandamiza mabega. Barafu ya soda ikatupiga shingoni. Mtu aliyembusu Baba utosini sasa alimwita majina ambayo sikuyajua, na nimesoma sana tangu hapo, mengine bado siyajui. "Rudi kwenu!" mwanamke mmoja akapiga kelele. Kwenye skrini kubwa wakamwonyesha Baba akitupa, akipunga, akitupa tena, akipunga tena.

"Dad," nilisema nikimvuta shati aketi. "Dad, sit down."

Tabasamu lilikuwa bado liko usoni pake, lakini mwenyewe alikuwa ameshaondoka. Akamtafuta mtu mmoja tu. "Shemeji?"

Mjomba alikuwa amejikunja kwenye kiti, machozi yakimtoka. Alijaribu kusema akashindwa, akapiga goti lake, akajaribu tena. Kisha akainuka, akamgeukia mtu wa shingo ya nyanya, adui yake wa alasiri nzima, akampa mkono.

"Huyu ni shemeji yangu!" alimwambia. "Mimi ndiye niliyemwambia arudishe! Akaniamini!"

Mtu yule akamtazama Baba, akamtazama Mjomba, akaanza kucheka naye. Wakashikana mabega, jezi ya Houston na fulana ya Arlington. Habari ikapita safu kwa safu, na zomeazomea ikageuka kicheko. Nilikuwa nimedhani kuzomewa ndiyo mwisho wa ubaya.

Mama aliinuka. Alichukua mkoba wake, akakung'uta barafu kwenye sketi, akapita mbele ya magoti yangu na ya Baba, akatoka. Tukamfuata.

Maegesho ya magari yalikuwa yakitoa mvuke wa lami. Mjomba alikuja nyuma yetu bado akicheka kwa vipande, kama injini inayokataa kuzima. Tulipofika kwenye gari lake Mama akasimama nyuma yake.

"Fungua buti."

"Ai, Ndunge. Ulikuwa mzaha tu. Hata yeye atacheka kesho."

"Kioko. Fungua buti."

Akafungua. Mama alitoa masanduku mwenyewe, moja baada ya jingine, akayaburuta mpaka kwenye gari letu kuukuu lililokuwa safu ya mbali. Baba alinyoosha mkono kumsaidia, Mama akausukuma kwa kiwiko. Mjomba alibaki amesimama na funguo, na sikumbuki kama aliaga.

Wakati wa kurudi Garland tulikwama kwenye foleni karibu na Dallas.

"Wakesho," Mama akasema. "Mwambie babako awashe AC."

"Mwambie mamako imeharibika. Anajua imeharibika."

Nililia mpaka nyumbani. Wao nadhani walifikiri ni kwa ajili ya Baba. Nilikuwa nalilia bwawa la kuogelea.

Hatukuhamia Houston. Mama alikataa ile kazi kwa simu ya maneno machache, akaendelea na hospitali yake ya zamani, na yeye na Baba wakaendelea na vita vyao kwa miaka, pamoja na maboresho: waliponunua nyumba waligombania rangi ya mlango, na Baba, mtu wa milango, akashindwa. Mjomba alikisimulia kisa kile kwenye harusi na michango, Dallas na Houston, na kila mwaka kiliongezeka. Mwisho Baba alikuwa ametupa mpira, kofia na kiatu. Kila kisa kilipoanza Baba alitoka nje kwenda kuangalia gari.

Nami nilikuwa na toleo langu. Nilipofika chuo kikuu niliandika insha juu ya siku ile, nikaifanya kisa cha mapenzi: mke aliyekuwa ameshafunga mizigo anamwona mumewe akidharauliwa na dunia nzima, moyo unamgeuka, anarudi upande wake. Profesa aliisifu sana. Niliamini insha yangu kwa zaidi ya miaka ishirini, jambo ambalo mwandishi mzima hapaswi kulikiri mbele ya wasomaji wake.

Siku ya kile kipindi nilipitia Garland nikitoka kazini. Mama alikuwa jikoni akichambua maharagwe. Nje Baba alikuwa akigombana na mashine ya kukatia nyasi. Nikamwambia Mama nilichokiona kwenye televisheni, na jinsi nilivyokuwa nikifikiri siku zote kwamba siku ile alibaki kwa mapenzi.

Akaacha kuchambua.

"Mapenzi gani? Siku ile nilikuwa namchukia babako. Kumpungia mkono umati wa watu! Nilitamani ardhi inimeze."

"Basi kwa nini ulitoa masanduku?"

Alitupa maharagwe mabovu kwenye ndoo kwanza.

"Nilikuwa nimesikia Kioko akimdanganya. Nikanyamaza, nikasema, ni utoto wake, tangu nyumbani yuko hivyo. Halafu nikamwona amemshika bega yule Mzungu aliyekuwa akimtukana. Amemuuza mtu wetu ili apate rafiki wa kucheka naye. Nikajiambia, Ndunge, na wewe unaenda kula kwa meza ya huyu." Akachukua konzi nyingine. "Babako tumegombana, tutagombana. Lakini mtihani wa unesi ule nilioanguka, si unaukumbuka? Alipiga kelele nyumba ikatikisika kwamba sikusoma. Hakucheka. Na hakuwahi kumwambia mtu."

Nje mashine ilinguruma, ikazima, na Baba akaiambia jambo kwa Kitaita.

Nilikuwa nimezigawa nyumba mbili, yetu na ya Mjomba, kwa sauti zake, nyumba ya kelele na nyumba ya vicheko, na mtoto yeyote mwenye masikio angechagua kama nilivyochagua. Sikuwa nimewahi kujiuliza, kule Houston, wakati sote tukishika mbavu, ni nani aliyekuwa akichekwa. Nikamtafuta kichwani mke wa Mjomba, mwanamke ambaye nyumbani kwake nililala likizo baada ya likizo. Nilitafuta sauti yake, nikatafuta uso wake. Nilichokipata ni mikono tu, ikipita katikati ya kicheko, ikiondoa sahani.